Ekari Nne na Watoto Saba: Je, Kuhesabu ni Kukosa Imani?

  

Mada hii hatukuitafuta. Ililetwa na mwanafunzi. Tulikuwa katika darsa ya mirathi, na kama kawaida yetu tukaandika hesabu ubaoni: mzee amefariki, hana deni wala wasia, na wazazi wake walishatangulia mbele ya haki. Ameacha mke mmoja, wavulana wanne, wasichana watatu na shamba la ekari nne. Gawanyeni.

Darasa lilifanya vizuri, alhamdulillah. Mke alipewa thumni yake, yaani nusu ekari. Ekari tatu na nusu zilizobaki zikakatwa mafungu kumi na moja, mawili kwa kila mvulana na moja kwa kila msichana. Kila mvulana akapata pungufu kidogo ya theluthi mbili za ekari, na kila msichana pungufu kidogo ya theluthi moja. Tukaweka alama ya vema. Ndipo kijana mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono: "Ustadh, hapo mtu anapanda nini?"

Wenzake walicheka. Nasi tukajibu, kwa haraka ya mwalimu anayetaka kumaliza somo, kwamba ilimu ya mirathi inagawa kilichoachwa, haiulizi kinachopandwa. Hakuridhika. Akasema tuchukue mmoja wa wale wavulana wanne, naye aoe, naye azae saba kama baba yake, kisha afariki na kipande chake kilekile. Tukapiga hesabu pamoja. Mjukuu wa kiume aliambulia kama mita za mraba 400, kipande cha mita ishirini kwa ishirini. Dada yake alipata nusu ya hapo. Hicho ni kiwanja cha nyumba, tena nyumba isiyo na banda la kuku.

Tunajua hesabu ya ubaoni si maisha yote. Mtu hununua shamba lingine, mwingine huwa fundi au dereva, mke naye huja na fungu lake kutoka kwa baba yake (pale ambapo kaka zake hawakumdhulumu, na hilo ni jambo la makala nyingine, maana katika vijiji vyetu mabinti wengi husikia mirathi yao kwenye mawaidha tu). Hata hivyo swali la kijana yule halijatutoka. Mwaka huu tumeona tuliandike kwenye jarida letu, kwa kuwa linahusu kila nyumba inayoleta mtoto hapa madrasa.

Tuanze na tarakimu kubwa. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta Watanzania milioni 12 na laki tatu. Sensa ya mwaka 2002 ikakuta milioni 34 na ushei. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta milioni 61 na laki saba. Maana yake ni kwamba katika miaka 55 tumekuwa mara tano ya tulivyokuwa. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 tuliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka, na kwa mwendo huo nchi hujirudufu kwa miaka kama ishirini na miwili hivi. Mtoto anayeanza alifu kwa kijiti leo, akiwa na umri wa kuoa atakuta karibu Watanzania wawili mahali alipomwacha mmoja. Zaidi ya wanne katika kila kumi wetu wana umri wa chini ya miaka 15, yaani bado wanakula kwa jasho la mtu mwingine.

Mkoa wetu wa Ruvuma ulikuwa na watu milioni moja na laki tatu na ushei mwaka 2012, na miaka kumi baadaye ukawa na milioni moja na laki nane na ushei. Manispaa ya Songea peke yake ilitoka laki mbili na kidogo ikapita laki mbili na themanini elfu. Anayetaka kushuhudia bila sensa apande Matogoro atazame chini. Mabati yamefika mahali ambapo wazee walikuwa wakichanja kuni.

Wapo watakaosema: Ruvuma ni kubwa, ina zaidi ya kilomita za mraba 60,000, watu karibu 30 tu kwa kila kilomita, tunaogopa nini? Ni kweli, na tunamshukuru Allah kwa ukubwa huo. Lakini katika kilomita hizo kuna hifadhi za wanyama, kuna misitu ya vyanzo vya maji, kuna milima. Watu hawakai kwa wastani. Wanakaa penye barabara, penye maji na penye udongo, na hapo ndipo ekari nne zinapokatwa vipande.

Kabla hatujawalaumu wazee wetu kwa kupenda watoto wengi, tukumbuke walikotoka. Mji huu unaitwa kwa jina la Nduna Songea Mbano. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa makumi ya viongozi wa Wangoni waliopigana Vita vya Majimaji, na kila mwaka tunakwenda Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka. Tusichokikumbuka sana ni njaa iliyofuata. Mkoloni alichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Baada ya hapo vijana wa Ungoni wakaanza kwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga kwa kazi ya manamba, na baadhi hawakurudi. Kwa kizazi kile, hofu ilikuwa ni uchache. Nyumba isiyo na watoto ilikuwa nyumba inayofutika. Na kaburi dogo lilikuwa jambo la kawaida katika kila ua, kwa hiyo mama alizaa wanane akitarajia kubaki na wanne.

Hilo la mwisho limebadilika mbele ya macho yetu. Utafiti wa afya wa mwaka 1999 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta 43. Chanjo, chandarua na zahanati vimefanya kazi, kwa idhini ya Allah. Basi idadi haikuongezeka kwa sababu akina mama wameanza kuzaa zaidi. La, wanazaa pungufu kuliko zamani: mwanzoni mwa miaka ya 1990 wastani ulikuwa zaidi ya watoto sita kwa mwanamke, na mwaka 2022 ulikuwa 4.8. Tumeongezeka kwa sababu watoto wanaishi. Hii ni neema, na hatutaki msomaji yeyote aione makala hii kama malalamiko juu ya neema.

Lakini mtoto anayeishi anahitaji mambo ambayo kaburi halihitaji. Na hapa ndipo tunapolazimika kusimulia kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja, mzazi wa wanafunzi wetu, alikuja baada ya darsa ya akina mama akasimama mlangoni. Mgongoni alikuwa na mtoto ambaye hajaota meno, na tumboni alikuwa tayari na mwingine. Akauliza kwa sauti ya chini kama dini inamruhusu apumzike kidogo baada ya huyu, kwa kuwa mumewe amesikia msikitini kwamba kupanga uzazi ni haramu. Sisi tulikuwa na haraka, adhana ya Alasiri ilikuwa karibu. Tukamwambia: mama, riziki iko kwa Allah, kila mtoto huja na riziki yake. Akaitikia "Sawa, Ustadh," akaondoka.

Tulichosema kilikuwa kweli. Sura Al-Israa, aya ya 31, inakataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara, na inabainisha kwamba Allah ndiye anayewaruzuku wao na sisi. Hakuna Muislamu anayekwenda kinyume na hilo. Lakini mama yule hakuuliza kuhusu kuua. Aliuliza kuhusu kupumzika, nasi tulimpa jibu la swali ambalo hakuliuliza. Kwa maneno mengine, tulimjibu nusu.

Nusu ya pili ilikuwa humohumo katika Qur'an tunayosomesha. Sura Al-Baqarah, aya ya 233, imewaelekeza akina mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, ikaweka chakula na mavazi ya mama juu ya baba, na ikataka hata kumwachisha mtoto ziwa kuwe kwa kuridhiana na kushauriana baina ya wawili hao. Tujiulize: mtoto anayeachishwa ziwa akiwa na miezi minane kwa sababu mwenzake anakuja, haki yake ya miaka miwili ameichukua nani? Na mashauriano yale yalifanyika lini, ikiwa mama hathubutu kuuliza ila mlangoni kwa sauti ya chini?

Kuhusu kuzuia mimba kwa muda, Jabir (R.A.) amepokewa katika Bukhari na Muslim akieleza kwamba maswahaba walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, katika zama ambazo Qur'an ilikuwa ikiteremka. Maulamaa wengi wakasema inajuzu, wengi wao wakishurutisha mke aridhie. Imam Ghazali katika Ihya aliijadili kwa urefu, na miongoni mwa nia alizoziona hazina ubaya ni mtu kuchelea mashaka ya kuwa na watoto wengi. Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar, naye aliruhusu kupanga uzazi kwa wenye haja. Kukata kizazi moja kwa moja bila dharura ya kitabibu ni jambo jingine, na maulamaa wengi wamelikataza. Kutoa mimba ni jambo jingine zaidi. Tunayatenganisha haya kwa makusudi, maana tumesikia mitaani yakitiwa kapu moja, na kapu hilo akabebeshwa mwanamke.

Wapo ndugu watakaotukumbusha Hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya kuhimiza kuoa wenye mapenzi na uzazi, kwa kuwa ataona fahari kwa wingi wetu. Tunaiamini. Lakini tuisome pamoja na ile iliyomo katika Abu Dawud, inayoeleza kuwa siku zitakuja Waislamu watakuwa wengi, na wingi huo utakuwa kama povu la mafuriko. Mtume haoni fahari kwa povu. Na tuisome pamoja na habari ya Saad bin Abi Waqqas (R.A.), aliyetaka kutoa sehemu kubwa ya mali yake sadaka akazuiwa isizidi theluthi, kwa maelezo kwamba kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Angalieni: hata sadaka imewekewa mpaka kwa ajili ya watoto. Basi kuhesabu ulichonacho na unaowalea kunaweza vipi kuwa kukosa imani?

Tusije tukaeleweka vibaya upande wa pili. Kuna wanaozungumza kana kwamba umaskini wote wa Tanzania umetoka tumboni mwa wanawake, na kwamba wakizaa wawili wawili basi barabara zitajitengeneza zenyewe. Hilo nalo hatulikubali. Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba dunia imefikia watu bilioni 8, na kelele nyingi zikaelekezwa kwa nchi kama zetu, ilhali familia ya watu wanne katika nchi tajiri hutumia mafuta, umeme na nyama kuliko familia nyingi za Namtumbo. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, alieleza kwamba mtu mmoja peke yake hawezi hata kujipatia mkate: anahitaji msagaji, mwokaji, mhunzi na seremala, na watu wakishirikiana huzalisha zaidi ya haja zao. Kwake yeye, mji wenye watu wengi wanaoshirikiana ndio unaostawi. Neno ni kushirikiana. Watu wengi wasio na jembe, ujuzi wala kazi hawashirikiani, wanagombania.

Mfano tunao jirani, Mbinga. Katikati ya karne ya 19, Wangoni walipoingia nchi hii kwa nguvu, Wamatengo walipanda milimani kujihifadhi. Wakajikuta wengi katika miteremko mikali, mahali ambapo mvua moja ingeweza kuusomba udongo wote hadi bondeni. Hawakuwa na pa kukimbilia tena. Hapo wakaendeleza kilimo cha ngoro. Mvua zikikaribia mwisho, nyasi hufyekwa na kupangwa mistari inayokatana kama madirisha. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila dirisha na kufunikia nyasi, pakabaki shimo katikati na tuta pande zote nne. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutuama mashimoni badala ya kukimbia na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Mlima uleule umelisha watu kwa zaidi ya karne moja.

Sisi tunapowapeleka wanafunzi kuona ngoro huwaambia waangalie mambo mawili. La kwanza, wingi wa watu haukuuharibu mlima, kwa sababu kila mkono ulikuwa na kazi na kila kazi ilikuwa na utaratibu. La pili, hata ngoro zina kikomo. Milima ilipojaa, Wamatengo wengi walishuka kwenye misitu ya miombo, na huko baadhi wakaacha ngoro, kwa kuwa msitu ulionekana hauna mwisho na kufyeka na kuchoma ni rahisi kuliko kuchimba mashimo. Na kazi ya kuchimba, tusisahau, ni ya akina mama. Mwanamume hufyeka nyasi, mwanamke ndiye anayeinama na jembe, mara nyingi na mtoto mgongoni.

Hapo tunafika kwenye jambo linalotuumiza zaidi. Mkoa wetu ni ghala. Kila msimu tunaona foleni ya magari ya mahindi kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hapa Songea, na mahindi ya Ruvuma yanalisha watu ambao hawajawahi kufika Ruvuma. Sasa sikilizeni: utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, na Ruvuma ikawa juu ya wastani huo, zaidi ya theluthi moja ya watoto wetu. Mtoto mdumavu ni mfupi kuliko umri wake, na akili yake pia huweza kuathirika, ingawa tumbo lake limejaa ugali. Tunao darasani. Mwalimu akimfokea kwamba hashiki somo, huenda anamfokea kwa jambo lililoanza kabla hajazaliwa.

Kama chakula kingekuwa ndiyo tatizo, Ruvuma isingekuwa na udumavu. Kama idadi ya watoto peke yake ingekuwa ndiyo tatizo, nyumba yenye watoto wawili isingekuwa na mdumavu, nazo zipo. Kinachokosekana ni matunzo: ziwa la miaka miwili, uji uliochanganywa maharage au soya tunazolima na kuziuza zote, yai moja moja lisilopelekwa sokoni, na mama asiyelima mpaka siku ya kujifungua. Matunzo yanataka muda na nguvu za mama. Mimba zikifuatana, vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoisha mwanzo. Riziki ya mtoto imekuja, tena gunia zima. Sisi ndio hatukuifikisha mdomoni.

Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili mwaka 1969 alipokuwa akieleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano. Kwa maana ya maneno yake, kuzaa hata wanyama huzaa, lakini kulea na kusomesha kwa miaka mingi ni jukumu la binadamu. Tangu hapo nchi imekuwa na Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu ya mwaka 1992, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2006. Mwaka 2018 Rais Magufuli akawaambia wananchi kwamba uzazi wa mpango unaweza kuachwa kwa mwenye uwezo wa kulisha watoto wake. Wananchi walisikia yote mawili. Wenzetu wa Iran nao walipitia hayo: mwaka 1989 serikali ilianza kuhimiza uzazi mdogo, wastani ukashuka kutoka zaidi ya watoto watano hadi wawili hivi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha serikali ileile ikaogopa uzee wa taifa na kugeuka kuhimiza watu wazae. Kwa maoni yetu, serikali inaweza kujenga zahanati na shule, na ni wajibu wake. Lakini nyumba inayosubiri Ikulu iiambie izae wangapi imepeleka mashauriano ya mume na mke mahali ambapo Qur'an haikuyaweka.

Tuseme na la maji, kwa kifupi. Mto Ruvuma unaoanzia milima ya Matogoro hapa kwetu, ukaenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji hadi baharini, unaanza kama kijito cha kurukwa na mtoto. Mji wetu unakunywa maji ya milima hiyo. Kila kiangazi tunaona moshi wake, na tunaona mkaa ukishuka kwa baiskeli. Anayechoma mkaa si adui wa Allah. Mara nyingi ni yule kijana wa hesabu yetu, aliyerithi theluthi mbili za ekari akaona hazimtoshi. Ukimkamata leo bila kumpa ujuzi mwingine, kesho atapanda mwenzake. Mtume (S.A.W.) amepokewa akikataza israfu ya maji hata katika kutawadha penye mto unaotiririka, nasi tunatawadha kwenye bomba ambalo mwezi wa Oktoba hukohoa hewa. Wanafunzi wetu wamepanda miche nyuma ya madrasa, nayo isiyoliwa na mbuzi inaendelea vizuri.

Turudi kwa mama yule. Mwaka jana tulikuwa tukisomesha tafsiri ya aya ya 233, na binti yake mkubwa alikuwa darasani. Alisikiliza, akainama, akaandika. Jioni ile tuliona haya. Tukamtuma amwombe mama yake na baba yake waje, na walipokuja tukawakalisha wote wawili kwenye jamvi, tukawasomea aya na maelezo ya maulamaa kama tulivyoyaandika hapa. Tukamwomba mama radhi kwamba tulimjibu nusu siku ile ya mlangoni.

Alicheka, cheko la mtu aliyechoka. Akasema: "Ustadh, jibu lako limechelewa watoto wawili. Nao nawapenda, usiniulize."

Mumewe alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza kwa nini jambo hili linasomeshwa kwenye darsa ya akina mama na watoto, wakati anayekatalia ni yeye. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo kuanzia mwezi ujao, inshaallah, darsa ya mirathi na ya malezi itakuwa ya wanaume, kila Alhamisi baada ya Isha, hapahapa madrasa. Kila mzazi aje na kalamu na karatasi. Tutaanza na zile ekari nne, na kijana wa safu ya nyuma tumempa kazi ya kuandika ubaoni.